Wengi Wape: Kura, Viti na Haki ya Uwakilishi katika Bunge la Uingereza

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao." Methali hii hutajwa mara kwa mara pale demokrasia inapofafanuliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa imebeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba wengi wanayo haki ya kupewa, na kwamba kuwanyima ni kukaribisha hatari. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi wengi hao ni akina nani. Je, ni wale wanaozidi nusu ya watu wote? Au ni kundi lolote linalolizidi kila kundi jingine, hata kama makundi hayo mengine yakijumlishwa yanalizidi kwa mbali? Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii haina uzito mkubwa. Katika uchaguzi wa wabunge, ndiyo inayoamua nani atatawala.

Uchaguzi mkuu wa Uingereza uliofanyika tarehe 4 Julai 2024 unaidhihirisha tofauti hiyo waziwazi. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura zote zilizopigwa. Kwa kura hizo kilijinyakulia viti 411 kati ya 650 vya Bunge la Makabwela, yaani asilimia 63 ya viti vyote. Theluthi moja ya kura ikazaa karibu theluthi mbili ya viti. Hakuna sanduku lililoibwa, wala hesabu iliyopikwa. Sheria ilifuatwa. Dhuluma, kama ipo, basi imo ndani ya sheria yenyewe.

Makala haya yanadai kwamba mfumo wa uchaguzi wa Bunge la Uingereza haukidhi maana ya uwakilishi, na kwamba hoja zinazotolewa kuutetea, ingawa baadhi yake zina uzito, zimedhoofishwa na historia ya nchi hiyo yenyewe. Suala hili si la Waingereza peke yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waishio Uingereza kihalali, wakiwamo wa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge hilo. Aidha, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilirithi kwa Waingereza utaratibu huohuo wa kumpata mbunge wa jimbo. Anayeuchunguza mti hana budi kuutazama na mzizi wake.

2.0 Mfumo na Asili Yake

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Nchi imegawanywa katika majimbo 650. Kila jimbo humchagua mbunge mmoja. Mpiga kura huweka alama moja mbele ya jina moja, na mgombea mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake ndiye mshindi. Hapana sharti la kufikia nusu ya kura, wala hapana duru ya pili. Hivyo mwaka 2015 mgombea wa jimbo la Belfast South alishinda kwa asilimia 24.5 ya kura. Mwaka 2024, katika jimbo la South West Norfolk, mgombea wa Labour alimwangusha aliyekuwa Waziri Mkuu, Liz Truss, kwa asilimia 26.7. Katika majimbo yote mawili, takriban watu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura hawakumchagua aliyetangazwa kuwa mbunge wao.

Watetezi hupenda kuuita mfumo huu wa jadi, kana kwamba ulizaliwa pamoja na Bunge. Historia haikubaliani nao. Kabla ya sheria ya mageuzi ya mwaka 1832, Old Sarum, mahali palipokwisha kuhamwa na watu, palikuwa na wabunge wawili, ilhali mji wa viwanda wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Kwa karne nyingi majimbo mengi yalichagua wabunge wawili wawili. Ni mwaka 1885 ndipo jimbo la mbunge mmoja lilipofanywa kuwa kanuni ya kawaida. Kati ya mwaka 1918 na 1950, baadhi ya wabunge waliowakilisha vyuo vikuu walichaguliwa kwa mfumo wa uwiano ambao mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba. Mwaka 1917 mkutano ulioitishwa chini ya Spika ulipendekeza mfumo huo utumike katika miji mikubwa, lakini Bunge halikukubali. Mwaka 1931 mswada wa kumruhusu mpiga kura kutaja chaguo la pili ulipita katika Bunge la Makabwela, ukafa pamoja na serikali iliyouleta.

Haki nyingine nazo zilipatikana hatua kwa hatua. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872. Wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi, waliotimiza masharti ya mali, walipewa kura mwaka 1918, na usawa kamili na wanaume ukaja mwaka 1928. Hadi sheria ya mwaka 1948 ilipotungwa, mtu mwenye biashara au shahada ya chuo kikuu aliweza kupiga kura zaidi ya moja katika uchaguzi uleule. Katika kila hatua walikuwapo waliosema kwamba yaliyopo yametosha. Kinachoitwa jadi, basi, ni mlolongo wa maamuzi ya watu, na uamuzi wa mtu unaweza kutenguliwa na mtu.

Watu wa Tanganyika walilijua jambo hili mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliweka utaratibu uliojulikana kama kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. TANU ilijadili huko Tabora, Januari 1958, kama ishiriki au isusie, ikaamua kushiriki, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Utaratibu huo haukutumika London hata siku moja. Ulibuniwa ili Waafrika, waliokuwa wengi kupindukia, wapate theluthi tu ya viti vilivyogombewa. Fundisho lake ni kwamba kanuni ya kugeuza kura kuwa viti ina mwenyewe na ina nia. Haianguki kutoka mbinguni.

3.0 Maana ya Kuwakilishwa

Neno "mwakilishi" lina asili moja na "wakili". Wakili ni mtu aliyepewa amana na mwenye shauri ili asimame mahali pake. Anaweza kuwa hodari au dhaifu, lakini sifa yake ya kwanza ni kuwa amechaguliwa na yule anayemsemea. Wakili aliyechaguliwa na mpinzani wa mwenye shauri ni kichekesho. Watetezi wa mfumo wa Uingereza hujibu kwamba mbunge, akishachaguliwa, huwatumikia wakazi wote wa jimbo bila kuuliza walimpigia nani. Jibu hilo ni la kweli kwa upande mmoja. Mbunge mwema hupokea barua ya kila mkazi kuhusu nyumba, pensheni au hati ya uhamiaji. Lakini inapofika saa ya kupiga kura bungeni juu ya kodi, vita au elimu, hawezi kupiga kura mbili zinazopingana. Hupiga moja, na kwa kawaida ni ile ya chama chake. Huduma ya ofisi yake ni ya wote, lakini sauti yake bungeni ni ya upande mmoja.

Sauti hiyo ina nguvu isiyo ya kawaida nchini Uingereza. Nchi hiyo haina katiba iliyoandikwa katika hati moja, na Bunge lake linaweza kutunga au kufuta karibu sheria yoyote kwa wingi wa kawaida. Baraza la Malodi, ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi, kwa sheria za mwaka 1911 na 1949 linaweza kuichelewesha miswada mingi ya serikali, si kuizuia moja kwa moja. Kwa hiyo chama chenye wingi wa viti katika Bunge la Makabwela kina mamlaka makubwa kuliko serikali nyingi za Ulaya. Iwapo wingi huo umetokana na kanuni ya kuhesabu badala ya ridhaa ya watu, basi jambo lenyewe si la kitakwimu tu.

4.0 Kura na Viti: Ushahidi wa Uchaguzi Mbalimbali

Mara mbili baada ya Vita Kuu ya Pili, chama kilichopata kura nyingi kitaifa kilipitwa kwa viti. Mwaka 1951 Labour ilipata asilimia 48.8 ya kura, na Conservative pamoja na washirika wake asilimia 48.0, lakini Conservative walipata viti 321, Labour 295, na Winston Churchill akarudi madarakani. Februari 1974 mambo yaligeuka: Conservative waliizidi Labour kwa kura zaidi ya 200,000, lakini Labour ilipata viti 301 dhidi ya 297, ikaunda serikali. Kila chama kikubwa, basi, kimewahi kunufaika na kuumizwa kwa zamu. Hili hutajwa kama ushahidi wa haki. Lakini mizani inayompunja mnunuzi leo na muuzaji kesho haijawa mizani ya haki.

Madhara makubwa zaidi huyapata vyama ambavyo wafuasi wao wametawanyika nchi nzima. Mwaka 1983 muungano wa Liberal na Social Democrats ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23. Labour, iliyokuwa na asilimia 27.6, ilipata viti 209. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura milioni 3.9 na kiti kimoja, huku chama cha SNP, kilichosimamisha wagombea Uskoti peke yake, kikipata kura milioni 1.5 hivi na viti 56. Kwa nusu ya kura za Uskoti, SNP ilichukua viti 56 kati ya 59 vya huko, hata mgeni angedhani nusu nyingine ya Waskoti haipo. Miaka tisa baadaye, ikiwa na asilimia 30 ya kura za Uskoti, ilibakiwa na viti 9 kati ya 57.

Mwaka 2024 kiti kimoja cha Labour kiligharimu wastani wa kura 23,600 hivi. Cha Conservative kiligharimu zaidi ya 56,000. Cha Reform UK kiligharimu zaidi ya 800,000, kwani kura zake milioni 4.1 zilizaa viti vitano tu. Liberal Democrats, waliokuwa na kura chache kuliko Reform UK, walipata viti 72. Ni kweli kwamba chini ya mfumo mwingine wapiga kura wangeamua vingine na vyama vingefanya kampeni vingine. Kwa hiyo si sahihi kuzigawa kura hizo kwa uwiano na kusema hayo ndiyo matokeo yaliyostahili. Lakini tahadhari hiyo nayo ni hoja dhidi ya mfumo, maana inakiri kwamba raia wengi hawampigii kura wampendaye. Humpigia yule anayeweza kumzuia wamchukiaye.

Yapo pia majimbo ambayo ni ngome za chama kimoja kwa miongo mingi. Mkazi wa ngome wa upande wa pili hupiga kura akijua haitabadilisha lolote. Na hata mfuasi wa chama kinachoshinda huongeza tu kura juu ya lundo lililokwisha kutosha. Vyama huelekeza nguvu zao katika majimbo machache yenye ushindani. Mwaka 1950 waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 84 hivi ya walioandikishwa; mwaka 2024 walikuwa takriban asilimia 60. Mporomoko huo una sababu nyingi, na mfumo wa kura usibebeshwe lawama yote. Lakini hesabu inabaki palepale: theluthi moja ya asilimia 60 ni mtu mmoja kati ya watano wa walioandikishwa. Hao ndio waliompa Keir Starmer mamlaka karibu yasiyo na kizuizi bungeni.

5.0 Hoja za Watetezi

Hoja ya kwanza ya watetezi ni uthabiti. Husemwa kwamba mfumo huu huzaa serikali ya chama kimoja, yenye nguvu na inayodumu. Kwa vipindi virefu ilikuwa hivyo. Lakini uchaguzi wa mwaka 2010 haukumpa yeyote wingi, ukazaa serikali ya mseto. Wa mwaka 2017 nao haukumpa yeyote wingi. Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 Uingereza ilibadilisha Waziri Mkuu mara tano, na mwaka 2022 peke yake ulishuhudia watatu wakiwa madarakani. Misukosuko hiyo iliendelea hata baada ya Conservative kupata viti 365 mwaka 2019. Wingi wa viti, basi, haukuwa dawa ya mfarakano. Uliuhamishia ndani ya chama, ambako mwananchi wa kawaida hana kura.

Hoja ya pili ni uhusiano wa mbunge na jimbo lake. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na mtu muungwana haipuuzi. Mkazi kujua jina la mbunge wake, na mbunge kuona aibu mbele ya jirani zake, ni mali ya demokrasia. Lakini si lazima mali hiyo ipotee. Nchi ya New Zealand, iliyorithi mfumo wa Uingereza, ilishuhudia mwaka 1978 na 1981 chama cha Labour kikiongoza kwa kura na kushindwa kwa viti. Tume ya Kifalme ikatoa taarifa yake mwaka 1986. Wananchi wakaulizwa mwaka 1992 na 1993. Na kuanzia uchaguzi wa mwaka 1996 kila mpiga kura hupiga kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo na nyingine ya chama. Wabunge wa majimbo wamebaki. Wananchi walipoulizwa tena mwaka 2011, waliamua kuuhifadhi mfumo huo mpya.

Hoja ya tatu ni kwamba mfumo wa sasa huyazuia makundi yenye siasa kali. Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, haki ya uwakilishi haiwezi kutegemea kama maoni ya mtu yanapendeza. Hoja inayotumika leo kumfungia mlango mmoja itatumika kesho kumfungia mwingine. Pili, kizuizi chenyewe si cha kutumainiwa. Ukuta unaokizuia chama chenye asilimia 14 hugeuka ngazi kikifika asilimia 33, kama Labour ilivyoonyesha mwaka 2024. Katika siasa za vyama vitano au sita, yeyote anayewatangulia wengine kidogo tu anaweza kupata mamlaka yote. Anayeogopa siasa kali angepaswa kuuogopa mfumo huo kwanza.

Hoja ya nne ni kwamba wananchi walikwisha kuulizwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 5 Mei 2011, asilimia 68 hivi ya waliopiga kura walikataa mabadiliko. Uamuzi huo ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, kilichoulizwa kilikuwa kama wagombea wa jimbo wapangwe kwa namba, utaratibu ambao si wa uwiano. Mfumo wa uwiano haukuwamo katika swali. Aliyekataa wali hajasema kwamba hataki ugali.

6.0 Uingereza Dhidi ya Uingereza

Pengine ushahidi mzito kuliko wote ni kwamba dola la Uingereza limekwisha kuukataa mfumo huu mahali pengi ndani ya mipaka yake. Katika Ireland ya Kaskazini mfumo wa uwiano ulifutwa mwaka 1929 kwa uchaguzi wa bunge la huko, na jamii ya Wakatoliki ikabaki wachache wa kudumu bila tumaini la kushiriki madaraka. Ulirudishwa mwaka 1973, baada ya damu kumwagika, na ndio unaotumika hadi leo kulichagua baraza la Belfast. Serikali ya London ilitambua kwamba amani haiwezi kujengwa juu ya kanuni inayompa mmoja yote. Bunge la Uskoti, lenye wajumbe 129, huchaguliwa tangu mwaka 1999 kwa kura mbili, ya jimbo na ya orodha ya mkoa. Wales ilitumia utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka huohuo, na sheria ya mwaka 2024 ikauelekeza uchaguzi wa mwaka 2026 kwenye orodha za vyama na wajumbe 96. Mwaka 1998 tume iliyoongozwa na Roy Jenkins ilipendekeza mfumo mseto kwa ajili ya Bunge la Makabwela pia. Taarifa yake ikawekwa kabatini na chama kilichoiunda, ambacho wakati huo kilikuwa na wingi mkubwa wa viti.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Wenye uwezo wa kuubadilisha mfumo ni walewale uliowaweka madarakani. Chama kilichoshindwa huona kasoro zake, kikishinda hupofuka. Mwaka 1832 wabunge wa vijiji vilivyohamwa hawakuachia viti vyao kwa hiari. Walisukumwa na umma uliokuwa umechoka.

7.0 Hitimisho

Hakuna mfumo wa uchaguzi usio na ila. Mfumo wa uwiano unaweza kuvipa vyama vidogo nguvu ya kudai kupita kiasi wakati wa kuunda serikali, na orodha za vyama zinaweza kuwapa viongozi wa vyama mamlaka juu ya majina ya wagombea. Hizo ni kasoro za kutengenezwa kwa sheria nzuri. Kasoro ya mfumo wa sasa wa Uingereza ni ya namna nyingine, kwani imo katika shabaha yake: unatafuta mshindi kabla ya kutafuta uwakilishi, ukidhani kwamba cha kwanza huleta cha pili.

Kwa nchi zilizourithi, maswali ni yaleyale. Kenya, baada ya Daniel arap Moi kushinda urais mwaka 1992 kwa asilimia 36 hivi ya kura, hatimaye ilisema katika katiba ya mwaka 2010 kwamba Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote. Lakini mbunge wa jimbo, huko Kenya kama Tanzania, bado hahitaji nusu. Mjadala huo hauna budi kuendeshwa kwa lugha ambayo wapiga kura wanaielewa, na kwa Kiswahili unaweza kuanza na methali ileile. Wengi na wapewe. Lakini kwanza wahesabiwe kwa haki, ili yule aliyewatangulia wenzake kwa hatua moja asiitwe wengi. Na wachache nao wapewe kiti chao barazani, kwa maana asiye na kiti ndani hulazimika kusema kwa sauti ya juu akiwa nje.